Kuku Mgeni Hakosi Kamba Mguuni

UKURASA WA MKULIMA

Katika nchi iliyo chini ya Mlima Elgon, tangu Kitale hata Bungoma, ni vigumu kuona nyumba isiyokuwa na kuku. Mtu aweza kukosa ng'ombe, na aweza kukosa shamba la kumtosha, lakini kuku wawili watatu hakosi. Asubuhi hufunguliwa mlango, hutupiwa konzi ya mahindi, kisha huachwa wajitafutie riziki mpaka jua linapokuchwa. Wafugwapo hivyo hawana gharama, na kwa kuwa hawana gharama watu wengi hawawahesabu kuwa ni mali. Lakini siku kuku hao watakapokufa wote kwa juma moja, ndipo mwenye nyumba atakapotambua ya kuwa ile ndiyo iliyokuwa benki yake. Ada ya mtoto, chumvi, nauli ya kwenda hospitali, na heshima ya kumpokea mgeni, vyote vilikuwa vikitembea uani kwa miguu miwili.

Juma hili ukurasa huu wawaeleza wasomaji habari za kuku wa uani, na hasa wale wakaao Lwakhakha na sehemu za jirani, yaani Sirisia, Malakisi, Cheptais na Chwele. Mambo yenyewe yawafaa wafugaji wa kila mahali, lakini mahali hapa pana sababu yake.

MTO MMOJA, NCHI MBILI

Lwakhakha ni jina la mto utokao Mlima Elgon na kuwa mpaka kati ya Kenya na Uganda. Upande wa Kenya kuna mji uitwao kwa jina hilo, na ng'ambo ya pili, katika Wilaya ya Namisindwa, kuna mji mwingine wa jina hilo hilo. Wabukusu wa upande huu na Wamasaba wa upande ule ni ndugu. Lugha zao zasikilizana, huoana, na pande zote mbili huwatahiri vijana wao katika miaka ya shufwa. Msimu huo ufikapo, na vile vile Krismasi ifikapo, kuku huchinjwa, hutolewa zawadi, na huchukuliwa kwapani kutoka kwa shangazi mpaka kwa mjomba. Apitapo ndugu, kuku naye hupita. Na apitapo kuku, ugonjwa wake hupita pamoja naye bila kuulizwa cheti.

Wenyeji walipata kulionja jambo hili mwaka 2017. Mnamo Januari mwaka huo Serikali ya Uganda ilitangaza ya kuwa homa kali ya ndege imeonekana kwa ndege wa mwitu na wa kufugwa, karibu na Ziwa Victoria. Mara Serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuku na mayai kutoka Uganda. Wachuuzi waliozoea kuvuka na matenga ya kuku na trei za mayai wakakuta njia imefungwa. Wako waliolaumu, wakasema Serikali yawanyima watu mayai ya bei nafuu; wako na waliofurahi, kwa kuwa mayai yao wenyewe yangepata wanunuzi. Lakini somo lililo kubwa lilikuwa hili: kuku wa uani si jambo la nyumba moja. Afya ya kuku wa mtu mmoja yategemea uaminifu wa jirani yake, na jirani huyo pengine yuko katika nchi nyingine.

ADUI MKUBWA

Homa ya ndege ni hatari, lakini adui aliyezoeleka zaidi, tena aangamizaye kuku wengi zaidi vijijini, ni ule ugonjwa ambao watu wengine huuita kideri na wengine mdondo. Wataalamu huuita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ambako ulionekana mwaka 1926. Mwaka huo huo ulionekana pia katika kisiwa cha Java. Katika Kenya uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935, huko Mombasa. Tangu hapo haujatoka.

Dalili zake ni hizi. Kuku huzubaa, hutimua manyoya, na hupumua kwa shida akifungua mdomo. Kinyesi chake huwa cha maji na cha rangi ya kijani. Wengine hupinda shingo, wakaangalia nyuma au juu, na mabawa yao na miguu hupooza. Mayai hupungua ghafula, au hutoka yakiwa na maganda laini. Wengine hawaoneshi dalili yo yote. Jioni walikula, asubuhi wamekufa. Ugonjwa ukiingia katika kuku wasiochanjwa, waweza kuua wanane kati ya kumi, na pengine usisaze hata mmoja.

Ugonjwa huu hauna dawa. Maji ya pilipili, majivu, mshubiri na vidonge vya watu, vyote havimwui mdudu wake. Mtu aliyemnywesha kuku wake mshubiri naye akapona, amepata bahati, au kuku yule alikuwa na ugonjwa mwingine. Liwezalo kufaa ni chanjo peke yake, nayo ni lazima itangulie.

JIONI KUKU WA KWANZA AFAPO

Hapa ndipo penye shida yenyewe, na yafaa kila msomaji apafikirie kabla hajapatwa. Na ichukuliwe mfano wa nyumba yenye kuku kumi na watano. Jioni mmoja amekufa, na wawili wamezubaa. Mwenye nyumba ajua, au ashuku, ya kuwa kideri kimeingia. Mbele yake ziko njia mbili.

Njia ya kwanza ni hii. Alfajiri awafunge miguu wale wanaosimama bado, awatie katika tenga, awapeleke sokoni, au awavushe daraja, awauze kwa bei ya haraka kabla hawajalala. Anunuaye atafurahi kwa kuwa bei ni nzuri. Baada ya siku chache kuku wa mnunuzi nao wataanza kufa, kisha wa jirani zake. Muuzaji yule ameokoa shilingi zake, lakini amepanda kifo katika nyumba za watu ambao hakuwajua. Tena mara nyingi kifo kile humrudia, maana mwakani atanunua tembe katika soko lile lile.

Njia ya pili ni kukaa na hasara yake. Asiuze, asigawe, asichinje ili kumpelekea mtu nyama. Waliokufa awachome moto au awafukie katika shimo refu, wala asiwatupie mbwa, wala asiwatupe mtoni, kwa maana mto ule wanywesha nchi mbili. Kisha awaambie majirani siku ile ile, na ampelekee habari Bwana Mifugo.

Wala si haki kusema ya kuwa njia hii ni nyepesi. Mwenye kuuza hupata kidogo. Mwenye kukaa kimya na kuku wake hupoteza vyote, wala hakuna amlipaye. Ndiyo sababu watu wema, wasioiba wala kusema uongo, huuza kuku wagonjwa bila kuona kuwa wametenda dhambi. Basi dawa ya jambo hili si kulaumiana, bali ni mapatano. Nyumba kumi zilizo karibu zaweza kupatana, wakati wa salama, ya kuwa nyumba itakayoona ugonjwa kwanza na kuutangaza bila kuuza, kila nyumba iliyosalimika itampa mwenyewe tembe mmoja baada ya miezi michache. Kwa mapatano hayo atangazaye hatabaki mikono mitupu, na wenzake watakuwa wameokoa kuku wengi kwa kutoa mmoja mmoja. Watu waliozoea kuchangiana katika arusi na matanga hawawezi kushindwa na jambo dogo kama hili.

Jambo moja zaidi. Watu wengine huchinja kuku mgonjwa na kumla, wakisema moto huua kila kitu. Ni kweli kwamba kideri hakimdhuru sana mwanadamu. Kwa kawaida humletea macho mekundu tu yule aliyewashika wagonjwa. Lakini homa ya ndege nayo huanza kwa dalili za namna hiyo hiyo, na mtu hawezi kuzitenga kwa macho. Anyonyoaye na kupasua ndiye aliye katika hatari, naye ni mama au binti. Heri kulala na mboga.

KAMBA YA MGUUNI

Waswahili husema, Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Maana yake ni kwamba mgeni hutambulikana kwa ugeni wake. Lakini msemo huu una hekima ya pili kwa mfugaji. Wazee walimfunga kuku mgeni kamba ili asirudi kwao. Wataalamu wa siku hizi wasema afungwe ili asichanganyike na wenyeji. Kamba ni ile ile, ila sababu imeongezeka.

Kuku aliyenunuliwa sokoni, au aliyeletwa zawadi, au jogoo aliyeazimwa, akae peke yake siku kumi na nne, mbali na wengine, akiwa na chombo chake cha maji na cha chakula. Amlishaye aanze kwa wenyeji, amalize kwa mgeni, kisha anawe mikono. Ikiwa zile siku zimepita naye yu mzima, achanjwe na afunguliwe. Kuku aliyepelekwa sokoni asiuzike, naye arudipo ni mgeni. Afungwe vile vile. Na tenga alilochukuliwa lioshwe na kuanikwa juani kabla ya kuingizwa uani.

CHANJO

Iko chanjo ya kideri iitwayo I-2, ambayo asili yake ni Australia, iliyotayarishwa hasa kwa ajili ya kuku wa vijijini. Ubora wake ni kwamba huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, ingawa hiyo nayo yapasa kuwekwa mahali pa baridi na isipigwe na jua. Hutiwa tone moja katika jicho moja. Kifaranga apewe tone moja, na jogoo mzima apewe tone moja. Kinga huchukua juma moja hadi mawili kuingia mwilini, na hudumu kama miezi minne. Kwa hiyo ni mara tatu kila mwaka. Chanjo za namna nyingine huuzwa pia katika maduka ya dawa za mifugo, na kila moja ina maagizo yake. Mnunuzi na asome karatasi yake, au amwulize Bwana Mifugo.

Kwa wakaao Lwakhakha, miezi ifaayo ni Novemba, kabla ya kiangazi na safari za Krismasi, Machi, na Julai, kabla ya sherehe za tohara za mwezi wa Agosti. Wachanjwe kuku wazima tu. Kumchanja aliyekwisha ugua hakumponyi, tena mkono umshikao waweza kumwambukiza mwenzake.

Watu wengi hawachanji kwa sababu kichupa kina dozi mia, na wao wana kuku kumi tu. Tena kichupa kikisha kufunguliwa hakiwekwi mpaka kesho. Lakini kuku kumi mara nyumba kumi ni mia moja. Zile nyumba kumi zilizopatana juu ya kutangaza ugonjwa ndizo zipasazo kununua kichupa kimoja, zikachagua siku moja, na kijana mmoja mwenye mkono mwepesi akapita alfajiri nyumba kwa nyumba kabla kuku hawajafunguliwa. Gharama ya kila nyumba itakuwa ndogo. Hesabu hii yafaa karani aliye kijijini awaonyeshe wenzake kwa kalamu na karatasi.

MAHALI PA KULALA

Nyumba nyingi bado hulaza kuku jikoni, kwa hofu ya wezi, kicheche na nguchiro. Hofu hiyo ni ya haki, lakini jikoni si mahali pao. Kinyesi cha kuku kina vijidudu viletavyo kuhara, na mtoto atambaaye hutia mkono chini kisha mdomoni. Mama aweza kumlisha mtoto vizuri mchana, na usiku kuku wakaharibu kazi yake.

Banda dogo la miti na udongo, lililoinuliwa kidogo kutoka chini na kujengwa karibu na dirisha la kulala, latosha. Mita moja ya mraba isizidi kuku wanne au watano. Upepo upite juu, usiwapige ubavuni. Ziwekwe fito za kulalia. Kila kuku watano wapate kiota kimoja chenye giza, maana kuku atagaye hutaka faragha. Uani liwekwe shimo la majivu na mchanga mkavu waoge humo, ili kupunguza utitiri na chawa. Kinyesi kikusanywe kila siku kikaoze mahali pamoja. Kwa shamba la sukuma wiki na la mahindi ni mbolea isiyo na mfano.

CHAKULA

Kuku wa uani hujitafutia wadudu, majani na mbegu, lakini wakati wa kiangazi hazimtoshi. Kuku atagaye huhitaji kama robo ratili ya chakula kwa siku, yaani gramu 110 hivi, pamoja na kile aokotacho, na maji safi robo lita au zaidi. Watu husahau maji. Kuku aliyekosa maji siku moja hupunguza mayai kwa siku nyingi.

Mahindi peke yake humpa nguvu, lakini yai halijengwi kwa mahindi matupu. Yafaa kuchanganya pumba, mashudu ya alizeti, na omena waliosagwa. Wazee wa Bungoma walijua njia nyingine isiyo na bei: chungu hujazwa mabua makavu na samadi, hunyunyizwa maji, hufunikwa kifudifudi juu ya tundu la mchwa jioni, na asubuhi kimejaa mchwa. Vifaranga wapewao mchwa hukua upesi kuliko wale wa unga mtupu. Maganda ya mayai yakaushwe, yasagwe, warudishiwe, ili maganda mapya yawe magumu.

Lipo kosa moja litendwalo katika nchi hii ya mahindi. Mavuno yaharibiwapo na mvua, yale yaliyoota ukungu hutengwa na kusemwa, "Hayo ni ya kuku." Ukungu ule una sumu iitwayo aflatoksini. Huwaua vifaranga, hudhoofisha ini la kuku wakubwa, hupunguza mayai, na huifanya chanjo isishike vizuri. Mahindi yaliyooza si ya mtu wala si ya kuku.

MAYAI NA VIFARANGA

Kuku wa kienyeji hutaga mayai kumi hadi kumi na tano, kisha huatamia. Hufanya hivyo mara mbili au tatu kwa mwaka, pengine nne. Kuku wa uzao bora, kama wale wa kienyeji walioboreshwa na shirika la utafiti la KALRO huko Naivasha, au Kuroiler waliotoka India wakaenea Uganda na kuvuka mpaka, hutaga zaidi sana wakilishwa. Lakini hao si hodari wa kuatamia. Kwa hiyo mwerevu huweka wa namna zote mbili: wa uzao bora kwa mayai, na koo wa kienyeji kwa kuyaangua.

Mwaka 1976 Serikali ya Kenya, kwa msaada wa Uholanzi, ilianza mpango wa kuendeleza ufugaji wa kuku, na katika mpango huo majogoo wa uzao bora walibadilishwa na majogoo wa kienyeji. Jambo lilikuwa zuri, lakini yafaa lisieleweke vibaya: damu bora haikizuii kideri. Jogoo wa bei kubwa asiyechanjwa hufa siku moja na kifaranga wa bure. Chanjo itangulie, uzao ufuate.

Hapa yajibiwa maswali matatu yaulizwayo mara nyingi.

Je, ni lazima kuwa na jogoo ili kuku atage? La. Kuku hutaga bila jogoo, na yai lake lina chakula kile kile, ila halitaanguliwa. Mtu akaaye mjini Kitale katika ua mdogo, ambaye majirani wake hawapendi kuwika, aweza kuweka kuku majike matatu bila jogoo akapata mayai ya watoto wake.

Jinsi gani mtu awafanye koo watatu waangue pamoja? Wa kwanza akitaka kuatamia, aachiwe mayai mawili tu ya kumshika, mpaka wa pili na wa tatu nao watakapotaka. Ndipo wote wawekewe mayai siku moja, jioni. Mayai ya kuatamiwa yasipite siku kumi tangu yatagwe. Yaandikwe tarehe kwa penseli, na yahifadhiwe mahali pa baridi, ncha ikielekea chini. Siku ya saba usiku kila yai limulikwe kwa tochi: lenye mishipa kama buibui lina uhai, na lililo wazi kabisa litolewe. Baada ya siku 21 vifaranga wote waweza kupewa koo mmoja au wawili, na wa tatu akarudi kutaga mapema.

Yupi atagaye na yupi alaye bure? Atagaye upanga wake ni mwekundu na una joto, mkundu wake ni mpana na wenye unyevu, na kati ya mifupa miwili ya nyonga zake hupita vidole viwili au vitatu. Asiyetaga, upanga wake umesinyaa, na kidole kimoja hupita kwa shida. Lakini kuku anayebadili manyoya asihukumiwe. Hupumzika miezi miwili au zaidi, kisha hurudi kazini.

KUKU WA MTOTO

Katika nyumba nyingi mtoto hupewa kifaranga awe wake. Humpa jina, humchimbia mchwa, na kifaranga humfuata mpaka njiani aendapo shuleni. Watu wazima hucheka. Yafaa wasicheke sana, maana mtoto yule ndiye mfugaji bora wa nyumba nzima. Yeye ndiye ajuaye ya kuwa kuku wake jana hakula, na ya kuwa sauti yake imebadilika. Baba ahesabuye kuku siku ya mgeni tu atajua ugonjwa baada ya siku nne. Mtoto atajua siku ya kwanza. Ampendaye mnyama humtazama, na amtazamaye huona mapema.

Lakini jambo hili lina haki yake. Mara nyingi mgeni huja ghafula, na kuku aliye karibu na mkono ni yule wa mtoto, kwa kuwa hamkimbii mtu. Hukamatwa, na mtoto arudipo shuleni hukuta manyoya. Mila ya Wabukusu ya kumchinjia mgeni ni njema, wala hakuna atakaye iachwe. Ila tangu mwanzo watoto na waambiwe wazi yupi ni wa kutaga na kukaa, na yupi ni wa sufuria, na neno hilo litimizwe. Mtoto aliyedanganywa mara moja hatamchunga kuku wa pili kwa moyo ule. Tena na afundishwe kunawa kwa sabuni baada ya kumshika, wala asimbusu, hata akimpenda namna gani.

Yapo mengine ya zamani. Kwa Waluhya wengi firigisi, iitwayo imondo, ilikuwa ya mzee wa nyumba, na mwanamke hakula kuku kabisa, ingawa yeye ndiye aliyewalisha. Siku hizi wengi wameiacha miiko ile, lakini mayai bado hupelekwa sokoni yote, na mtoto hupewa chai ya rangi. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa nchi ya Ecuador. Watoto wa miezi 6 hadi 9 walipewa yai moja kila siku kwa miezi 6, na waliodumaa kwa kimo walipungua karibu nusu, wakilinganishwa na wasiopewa. Utafiti kama huo ulipofanywa Malawi haukuonyesha tofauti hiyo. Watoto wa huko walikuwa wamezoea kula samaki. Basi yai si uganga. Lakini katika nyumba isiyokula samaki wala nyama ila siku kuu, yai alalo mtoto lina faida ambayo shilingi zake haziwezi kuinunua. Kati ya mayai saba, matano yaende sokoni na mawili yabaki nyumbani. Hiyo si hasara.

MWISHO

Mtu akiyaona maneno haya kuwa mengi, na aanze na matatu juma hili. Kwanza, awatoe kuku jikoni. Pili, mgeni afungwe kamba siku kumi na nne. Tatu, aende kwa jirani mmoja, na wa pili, awaeleze habari ya kichupa cha dozi mia na ya mapatano ya tembe mmoja mmoja. Majirani walio ng'ambo ya mto wasisahauliwe. Ndugu wa Namisindwa apelekewe habari hii hii. Siku ya kuanza kuchanja ikiwa ni Novemba, kazi ya kukubaliana yafaa iwe imekwisha kabla ya Oktoba, maana mapatano yafanywayo huku kuku wanakufa hayafanyiki.